Siku Ngoie Aliponyonya kwa Mama Saidi

Upo mchana mmoja wa msimu wa mvua ambao kila nikiukumbuka, mwanangu, mikono yangu huenda yenyewe kifuani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka chumbani, katika nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi kule Panda, hapa Likasi, na mtoto wangu wa kwanza yuko mapajani. Alikuwa msichana. Tulimpa jina la mama yangu, Ngoie. Yeye alikuwa analia, mimi nalia, na hakuna aliyekuwa akimbembeleza mwenzake.

Nimekuita uje hapa kwa sababu nilikuona Jumapili kanisani. Ulikuwa umejifunika kikwembe, kile kitenge chako, mtoto anahangaika chini yake, nawe umegeuza uso pembeni ili watu wasione machozi. Mimi niliyaona. Kaa vizuri, weka mgongo ukutani. Mnyonyeshe huku unanisikiliza, na akikataa usione haya. Mimi si mgeni wa mambo hayo.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambayo wazazi wako wanaitaja kwa sauti ya chini. Kazi za shaba zilizokuwa zinatulisha sote zilikuwa zinasimama kipande kwa kipande. Unga wa kila mwezi tuliopewa na kampuni ulianza kwa kuchelewa, kisha haukuja kabisa. Mashine zilinyamaza. Wanaume waliozoea kuamshwa na king'ora waliamka wenyewe, wakakaa mlangoni wakitazama barabara. Kila mahali palipokuwa na udongo pakawa shamba. Hata mbele ya zile nyumba kubwa zilizokuwa na maua, tulipanda mahindi na mihogo. Mume wangu, Baba Ngoie, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, tena fundi hodari. Alichukua koleo akaenda na wenzake kufukua mawe ya kijani kwenye vilima vya mabaki ya mgodi, na jioni alirudi na vumbi la kijani hadi kwenye nyusi.

Mama yangu alikuwa mbali, Bukama. Unajua kwamba binti akizaa mara ya kwanza mama yake huja kukaa naye, amwoshe, ampikie, amwonyeshe. Lakini treni siku zile ilikuja ikitaka. Kwa hiyo nilibaki peke yangu na mtoto ambaye sikujua hata namna ya kumshika.

Kabla ya kuzaa nilidhani kunyonyesha ni kitu kinachokuja chenyewe, kama kupiga chafya. Ngoie alikamata chuchu kwa ncha ya midomo, akavuta, na mimi nikang'ata kona ya kikwembe nisipige kelele. Baada ya muda mfupi chuchu zilipasuka. Siku moja nilimtoa kwenye ziwa nikaona damu midomoni mwake, nikadhani anatapika damu, nikapiga mayowe mpaka watu wakaacha vyungu vyao motoni. Kumbe ilikuwa damu yangu. Kisha ziwa la kulia likavimba, likawa gumu na jekundu, likanipa homa iliyonitetemesha juani. Nilikwenda zahanati. Muuguzi alinitazama kwa huruma, akaniambia dawa hazipo, nilikande kwa maji ya moto na niendelee kumnyonyesha mtoto. Nilirudi nyumbani nikijiuliza ni mama gani anaweza kuweka mdomo wa mtoto juu ya kidonda.

Basi nikaenda mahali nilipozoea kwenda na kila kitu, kwenye kikundi chetu cha maombi. Kiongozi wetu alikuwa Mama Odette, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kujaza chumba, na alinipenda kama binti yake. Aliniwekea mikono kichwani, akaomba mpaka jasho likamtiririka. Alipomaliza akaniambia, "Mwana yangu, kuna kitu kimefunga maziwa yako. Na weye funga, mpaka Mungu afungue."

Nikafunga. Niliacha chakula, na mchana niliacha hata maji. Na nikuambie ukweli, kufunga wakati chungu kina majani ya sombe kidogo tu si kazi ngumu. Unaona hata unasaidia nyumba. Baba Ngoie akirudi nilimwekea bukari yake, ugali wetu, akiniuliza nasema nimeshakula. Nilikuwa na imani yote, mwanangu. Sijawahi tena kuomba kwa bidii kama siku zile. Na maziwa yalizidi kupungua.

Ngoie naye alipungua. Ngozi ya mapaja ilimlegea, nepi zilikaa kavu, utosi wake ukabonyea. Kilio chake kilianza kuwa chembamba, na mimi mjinga nikafikiri anaanza kutulia. Niliwaza pengine ndio Mungu anafungua.

Huo ndio mchana ninaokuambia. Ngoie alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi tu, nami naomba na kulia, mara nikasikia hodi, na kabla sijaitikia mtu ameshaingia. Alikuwa jirani yetu wa lupango, ua wa nyumba, la ng'ambo ya barabara, Mama Saidi. Watu wao walitoka Maniema, wao ni Waislamu, na mumewe aliendesha lori. Tulikuwa tukisalimiana tu. Pale kanisani kwetu tulionywa tusile vyao wala kuwapokea nyumbani, nami nilitii bila kuuliza kwa nini. Alikuwa na mtoto wa kiume, Saidi, aliyemtangulia Ngoie kidogo kuzaliwa, na alikuwa mnene mpaka mikono yake ina mikunjo kama ya maandazi.

"Minye niko nasikia huyu mutoto kila siku," akasema, bado amesimama. "Akilia, nasema sawa, iko na nguvu. Leo tangu asubui sikusikia kitu. Njo nimekuja."

Alimchukua Ngoie mikononi mwangu. Akagusa utosi wake kwa kidole kimoja, taratibu. Akamfinya ngozi ya tumbo, akaona jinsi inavyochelewa kurudi.

"Weye ulikula nini leo?"

"Nimefunga."

"Juu ya nini?"

"Juu ya maziwa yaje."

Nilingoja acheke, au atukane kanisa letu. Hakufanya hivyo. Alikaa chini kwenye mkeka, mbele yangu, magoti yetu yakagusana.

"Sikia, mama. Sisi tuko na mwezi muzima wa kufunga. Minye nafunga tangu niko mutoto. Lakini mwaka huu sikufunga, juu ya Saidi. Mwenye kunyonyesha kama anaogopea mutoto, anapewa ruhusa ya kula, zile siku atazilipa nyuma. Mungu mwenye aliomba tufunge, ni Yeye anasema huyu mwanamuke akule. Sasa weye, ni Mungu alikuambia ufunge, ao ni bantu?"

Nilivuta kikwembe nikafuta pua.

"Na huyu," akasema akinionyesha Ngoie, "nani alimuuliza kama anataka kufunga? Maana weye ukifunga, yeye anafunga pia."

Mwanangu, nimekaripiwa na wengi maishani, na mume, na wazee wa kanisa, na mama mzazi mwenye ulimi wa pilipili. Lakini hakuna karipio lililoniingia kama lile, na alilisema polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Ndipo akaniambia anataka kumnyonyesha. Lakini hakufungua blauzi yake mara moja. Alinieleza kwanza kwamba kwa dini yao, mtoto akinyonya kwake anakuwa mtoto wake wa maziwa. Saidi atakuwa kaka yake kabisa, na hawataweza kuoana hata siku moja. "Si kitu ya kufanya kwa kujificha," akasema. "Bwana yangu nimeshamuuliza, amekubali. Nataka weye ukubali, na bwana yako akubali."

Niliogopa. Nilimtazama Ngoie alivyolala mikononi mwake kama kitambaa, na bado niliogopa watu wa kanisa watasema nini. Nakuambia hivi ili ujue hofu ya watu inavyoweza kumshika mtu hata pale mtoto wake anapoishiwa pumzi. Na pengine ningekaa hivyo, bila kusema ndiyo wala hapana, kama mvua isingewafukuza wachimbaji kilimani mapema siku ile. Baba Ngoie alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa ameloa, matope hadi magotini, na alikuwa amesikia.

Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa kufuata taratibu. Alimtazama binti yake. Akavua kofia.

"Mama Saidi, mupe," akasema. "Pardon, mama, mupe sasa."

Kisha akanigeukia mimi. "Na weye, hukukula?"

Ngoie hakukamata ziwa. Alikuwa amechoka mno. Mama Saidi alikamua matone, akayadondosha midomoni mwake moja moja, akingoja, akidondosha tena, huku anamsemesha kwa lugha ya kwao. Kisha tukasikia akimeza. Ni sauti ndogo sana, unaijua, ile ya koo la mtoto. Akameza tena. Halafu akafungua mdomo mwenyewe, akashika, akanyonya, na Baba Ngoie akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Nilifurahi sana. Na palepale, katikati ya furaha, nikaona wivu. Shavu la mtoto wangu lilikuwa kwenye kifua cha mwanamke mwingine, na mkono wake mdogo ulikuwa unampapasa yeye. Mama Saidi aliniona. Alinikonyeza.

"Usiogope, sitamuchukua. Huyu Saidi peke yake anatosha kunimaliza."

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu nijifungue.

Alipomlaza Ngoie, hakuniruhusu kupiga magoti kumshukuru wala kumshukuru Mungu. Alinipikia uji kwanza. Alisimama mbele yangu mpaka nikaulamba mwiko. Kisha akachemsha maji, akanikanda lile ziwa bovu kwa kitambaa, akilisukuma polepole kuelekea kwenye chuchu, na mimi nikilia huku ananiambia lia tu, lia, sitaacha. Kesho yake alinifundisha kumshika mtoto. Tumbo lake liguse tumbo lako. Ngoja afungue mdomo wote, ndipo umlete yeye kwako, usimfuate wewe kwa kujikunja. Ajaze mdomo kwa ziwa, si chuchu peke yake. Hivyo hivyo ulivyo sasa, ila mlete karibu zaidi. Eeh. Umeona?

Basi kwa muda Ngoie alikuwa na mama wawili. Alinyonya kwangu kwanza, ili ziwa liamke, kisha akashiba kwa Mama Saidi. Uvimbe ulishuka, na kwa wema wa Mungu halikufika kupasuliwa. Asubuhi moja nilikuwa natwanga sombe nikasikia kifua kinanichomachoma, nikatazama chini, blauzi imeloa pande zote mbili. Niliacha mtwangio palepale, nikavuka barabara nikikimbia, sijafunga hata kitambaa kichwani, nikamwonyesha Mama Saidi ile blauzi kana kwamba ni cheti cha shule.

Habari hazikai Panda bila kutembea. Alasiri moja Mama Odette alikuja na wanawake wawili wa kikundi. Alitukuta uani: Mama Saidi anamnyonyesha Ngoie, na mimi nina Saidi mgongoni, napepeta mahindi. Nilitamani ardhi inifunike. Mama Odette alitutazama. Akawaambia wenzake wamsubiri nje. Akavuta kiti, akaketi.

"Ni kweli huyu mutoto alikuwa karibu kufa?"

"Ni kweli, mama," akasema Mama Saidi.

Nilidhani ile sauti yake kubwa sasa itapasuka juu yetu. Badala yake aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yake, kwamba mtoto wake wa kwanza alifia kifuani. Maziwa hayakutoka. Na watu wakamwambia hakuomba vya kutosha. "Tangu ile siku sijaacha kufunga," akasema. "Nilitaka mutoto yako apone. Njia ingine sikuijua."

Alilia kama msichana. Miaka yote ile alikuwa amebeba huzuni hiyo, na sisi tuliomwona kila juma tukidhani ni nguvu ya roho tu. Mama Saidi alisimama, akamtoa Ngoie kwenye ziwa, akamweka mikononi mwa Mama Odette. Mtoto alicheua maziwa kwenye bega la ile nguo yake nzuri ya kanisa, na Mama Odette hakuyafuta.

Baada ya hapo alituletea karanga zilizotwangwa za kutia kwenye uji. Na Jumapili alisimama mbele ya wanawake wote akasema, "Mwenye kunyonyesha asifunge. Yeye atamutumikia Mungu kwa kula." Tulicheka, lakini wako waliofuta macho.

Hapo ungedhani hadithi imekwisha, na mimi pia nilidhani. Lakini kumwachisha mtoto ziwa nako kuna machozi yake. Ngoie alikua, akatembea, akasema maneno, akawa na meno ya kuvunjia hindi la kuchoma, na bado ananing'inia kifuani. Saidi alishaacha kitambo. Ngoie alikula tonge mbili za bukari kisha akanikimbilia, nami nikamfungulia. Watu wakasema nipake kitu kichungu. Mama Odette aliniletea majani, nikayaponda, nikajipaka. Ngoie akaonja, uso ukamkunjamana. Nikangoja alie. Hakulia. Alishika pindo la kikwembe changu, akaanza kulipangusa ziwa taratibu, pande zote, kwa uangalifu kama mtu anayefuta kidonda cha mwenzake. "Mama chafu," akasema kwa huruma. Alipomaliza akaendelea kunyonya.

Nikaenda kujiosha, na sikurudia tena.

Nilimwendea Mama Saidi, nikamwambia sijui nifanye nini.

"Yeye ameshakuwa mukubwa," akasema. "Weye njo unaogopa. Unaogopa nini?"

Nilimwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia hata mume wangu. Yale maziwa yalikuwa dalili yangu kwamba Mungu alinisikia. Kampuni ilikuwa imetuacha, treni imetuacha, dawa zimetuacha, lakini maziwa yalikuja. Nikiyafunga mwenyewe, nitajuaje kama bado ananisikia?

Alimwita Ngoie, akamfungua mdomo kwa kidole kama mtu anayenunua mbuzi.

"Angalia hapa. Hii meno, nani aliituma?"

Basi tukaanza. Tulipunguza polepole, kwanza la mchana, maana mchana alikuwa na Saidi wa kucheza naye. Tuliwawekea sahani moja, uji wa karanga, au bukari na dagaa. Akiona Saidi anakula, naye anakula, maana hakutaka kushindwa. Kisha tukaondoa la asubuhi. Likabaki la alasiri, na hilo sikuligusa. Nilimwomba Mungu anionyeshe lini.

Alasiri moja, mvua imetoka kukatika, nilikuwa nimekaa kizingitini. Ngoie alikuja mbio, akaingiza mkono ndani ya blauzi yangu, akalipapasa ziwa. Wakati huohuo Saidi akaita kutoka barabarani kwamba mtaro umejaa maji. Ngoie alisikiliza. Akanitazama. Akatoa mkono, akavuta blauzi yangu akanifunika vizuri, akapapasa juu ya nguo mara moja, kama unavyompapasa mtoto aliyelala, akaondoka mbio. Hakuomba tena.

Nilibaki pale nimefunikwa na mwanangu. Nililia kidogo, sitakudanganya. Kisha nikaomba, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuomba bila kutaka kitu chochote.

Ngoie sasa ni mama, unamjua. Siku walipokuja kumposa, Saidi aliketi upande wa kaka zake, na aliwasumbua wale wageni kwa maswali kuliko kaka zake wa tumbo. Mama Odette alishatutangulia. Mama Saidi na mimi tumezeeka. Tunabishana kila tukikutana nani kati yetu Ngoie amefanana naye zaidi.

Sasa, mwanangu, nikuambie nilichokuitia. Kula. Kunywa maji. Ukipewa uji, unywe wote, usimwachie mtu. Ombi lako litamfikia Mungu hata ukiwa umeshiba. Ukiumwa, sema unaumwa, na usingoje kilio cha mtoto kipungue; mtoto akinyamaza bila kushiba, simama uende zahanati, ubishe hodi kila mlango. Maziwa yakichelewa si dhambi yako, na yasipokuja kabisa, wewe bado ni mama yake. Kuna njia nyingine za kumlisha, na watu wa kukusaidia. Msaada ukija kutoka nyumba ambayo hukuitarajia, upokee, na usiwaulize kwanza watu wa kanisa wanaonaje. Na siku atakapotaka kuondoka kifuani, mwache aende bila kumtisha na bila kumdanganya. Usidhani Mungu ameondoka pamoja na maziwa. Na ukimwona kesho mwanamke mwingine amegeuza uso pembeni chini ya kikwembe, mwite nyumbani kwako, kama nilivyokuita.

Tazama, amelala. Usimwondoe bado, mwache ashibe usingizi.

Mungu aliyekupa mtoto huyu akupe na mkono wa kumshika. Kifua chako kisikose, na chungu chako kisilale kitupu. Akuzungushie majirani wema mbele na nyuma. Mtoto wako akue, akutangulie kwa urefu, akuzidi kwa siku, na uwaone watoto wake wakinyonya wakashiba. Amina, mwanangu. Amina.